Kufunga Mitambo Juu ya Lava

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye udongo mwekundu wa Butembo akija kufunga mnara mdogo wa intaneti Mabanga, siku yake ya kwanza huishia kwenye fimbo ya shaba. Anaipigilia, inashuka kiganja kimoja, inagonga mwamba, inapinda. Anahamia hatua mbili pembeni, mambo ni yale yale. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, katika komini ya Karisimbi, ziko juu ya lava ya Nyiragongo kama sehemu kubwa ya Goma, na lava kavu hupitisha umeme vibaya mno. Mwishowe fimbo inakatwa kwa msumeno, kipande kinachomekwa kwenye kifusi, waya unafungwa ili picha ya ripoti ipendeze. Mvua ya kwanza yenye radi ikipita, modemu imekufa.

Mashariki ya Kongo ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi kuliko zote, kwa hiyo hapa waya wa ardhi, au tere kama wasemavyo mafundi wa Goma, ndio nusu ya kazi yenyewe.

Achana na fimbo. Laza waya mtupu wa shaba, milimita 25 za mraba au zaidi, ndani ya mtaro unaozunguka kiwanja. Viwanja vya Mabanga ni vidogo, nyumba zimebanana, hivyo fuata ukuta wa uzio na upite pale maji ya paa yanapodondokea au pipa linapofurikia, maana unyevu ndio rafiki yako. Kina cha sentimita 40 kikipatikana, shukuru. Kisha usiufukie waya kwa kokoto ulizozichimba. Lete mifuko ya udongo wa mfinyanzi kutoka nje ya mji, au bentonaiti ikiwa mteja anaweza, ukande na maji mpaka uwe kama uji mzito, umwagie waya pande zote, ndipo urudishe mawe juu. Kuna wanaotia chumvi. Siku ya kupima namba inapendeza kweli, lakini chumvi huila shaba, na mvua huiondoa.

Kupima nako kuna ujanja wake. Kipimo cha kawaida kinataka vijiti viwili vya majaribio vichomekwe ardhini, navyo havichomekeki. Chukua vipande viwili vya bati nene, vilaze juu ya mwamba, weka chini yake gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, pakia jiwe juu, unganisha nyaya zako hapo. (Chumvi hiyo ni ya dakika kumi tu, si ya kuzikwa.) Lenga omu 10 kushuka chini. Na upime kiangazi, Julai au Agosti, kwa sababu namba ya Aprili baada ya mvua ya usiku kucha inadanganya.

Omu 10 zisipopatikana, usikate tamaa. Kinachochoma mtambo hasa si ubaya wa ardhi peke yake. Ni tofauti ya volti kati ya sehemu mbili za mtambo huo huo. Nguzo ya antena ikiwa na ardhi yake, na jenereta au paneli za sola zikiwa na nyingine upande wa pili wa nyumba, radi ikianguka jirani umeme utatafuta njia kati ya hizo mbili, na njia ni kupitia kebo ya mtandao na kifaa chako. Funga kila kitu kwenye kipande kimoja cha shaba: nguzo, ganda la kebo, kasha la chaji ya sola, parafudri (kifaa cha kukinga mtambo na radi), hata bati la paa. Vikipanda volti, vipande pamoja. Nyaya hizo ziwe fupi, zisikunjwe kona kali. Ningepewa kuchagua, ningechukua muungano mzuri juu ya ardhi mbaya kuliko ardhi nzuri mbili zisizojuana.

Kwenye mitambo mikubwa ya simu, kumbuka kwamba umeme wake ni volti 48 hasi: upande wa chanya ndio unaofungwa ardhini. Fundi aliyezoea sola za nyumbani hugeuza hapo bila hata kufikiri.

Sasa kebo. Kwenye maduka ya Birere, hapa Goma, utapata maboksi ya kebo ya mtandao yanayofanana kama mapacha, moja nusu ya bei ya jingine. Omba kipande, chuna uzi mmoja kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukiipitishia umeme wa kulisha antena, volti hupungua njiani na antena hujizima na kujiwasha usiku kucha, huku mteja akilaumu kampuni ya intaneti. Nunua shaba tupu, ganda jeusi la kukaa nje.

Mvua ya hapa huchanganyika na gesi za volkano za Nyiragongo na Nyamuragira, inakuwa na asidi, inakula bati na boliti. Boliti zinazong'aa dukani, zilizopakwa zinki nyepesi, usizitumie nje. Tafuta zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile zenye rangi ya kijivu kilichofifia, au chuma kisichoshika kutu. Kila konekta ivishwe mpira unaojishika, ukianzia chini kupanda juu, ili kila mzunguko ulalie wa chini yake kama bati linavyolalia bati. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie chini ya tundu ili maji yadondokee nje.

Dishi la satelaiti lina jambo lake. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo satelaiti iliyo nyuzi 16 mashariki inaonekana nyuzi 74 juu ya upeo, karibu utosini. Ghorofa ya jirani haikuzuii. Tawi la parachichi lililo juu ya uwanja ndilo litakalokusumbua. Nguzo isifungwe kwenye ukuta wa mbao, maana nyumba za mbao hutikisika. Imiminie zege lake, uipime wima kwa pimamaji pande mbili. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa na barabara zikapasuka. Likipita tetemeko la namna hiyo, zungukia nyaya za kushikilia nguzo kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukilazimika kushuka shimoni, iwe chemba ya kebo au shimo la msingi, kumbuka mazuku. Gesi hiyo, kaboni dayoksaidi, ni nzito kuliko hewa, haina rangi, hutuama mabondeni na mashimoni. Inajulikana zaidi magharibi mwa mji kuelekea Sake, lakini shimo ni shimo. Mshumaa usiuamini: unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inakulevya. Tumia kipimo cha gesi, fungwa kamba, na mwenzako abaki juu. Ukianguka, akuvute kwa kamba. Asikufuate ndani.

Kazi ikiisha, andika kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya mfuniko wa kasha: tarehe, omu ulizopata, ni masika au kiangazi, na mtaro wa tere umepita wapi. Fundi atakayekuja baada yako hatachimba ua wa watu kutafuta waya.