KITAMBI NA NGUVU ZA KIUME

Vijijini kwetu mwanamume akiota kitambi tunamsifu. Tunasema, "Huyo mambo yake safi!" Lakini kumbe kitambi hicho chaweza kumpunguzia nguvu za kiume. Leo tujifunze sababu yake.

Katika damu ya mwanamume mna kichocheo kiitwacho testosteroni. Hutengenezwa katika korodani, kwa amri itokayo kwenye ubongo. Kazi zake ni kuotesha ndevu, kuifanya sauti iwe nzito, kujenga misuli na mifupa, kuleta hamu ya tendo la ndoa na kusaidia kutengeneza mbegu za uzazi.

Je, mafuta ya mwilini yanahusikaje? Mafuta hayo hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, kichocheo ambacho wanawake wanacho kwa wingi. Tena, mtu akinenepa mno, amri ya ubongo hulegea. Basi testosteroni hushuka. Mtu huchoka upesi, hamu hupungua, na nyumbani maneno huanza.

Hata hivyo, hali hii hurekebika. Wataalamu waliwapima wanaume wenye miaka 40 hadi 79 katika miji 8 ya Ulaya, wakawapima tena baada ya miaka 4 hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Waliopungua uzito, testosteroni yao ilipanda. Walionenepa, ilishuka. Waliopata faida kubwa ni wale waliopungua asilimia 15 au zaidi. Yaani, mwenye kilo 100 abaki na kilo 85.

Basi tufanyeje? Tupunguze sukari, soda, pombe na vyakula vyenye mafuta mengi. Tuzidishe mboga na maharage. Tutembee, tulime, tulale vya kutosha. Ila tusijishindishe njaa, maana njaa nayo hushusha testosteroni. Asiye na unene asijikondeshe. Na tusikubali kuchomwa sindano za testosteroni mitaani. Hizo huzuia mbegu kutengenezwa, na anayetafuta mtoto aweza kumkosa.

Tena si kila udhaifu unatokana na kitambi. Kisukari, shinikizo la damu na mawazo mengi huuleta pia. Twende zahanati tukapimwe, wala tusione haya.

MASWALI
1. Testosteroni hutengenezwa wapi?
2. Kwa nini kitambi huipunguza?
3. Mwenye kilo 80 akipungua asilimia 15, atabaki na kilo ngapi?