Umeambiwa Una Saratani ya Matiti: Watu Watano wa Kukushika Mkono

Mama mdogo alipotoka chumba cha daktari alikuwa na bahasha ya kaki mkononi na neno moja masikioni. Daktari alikuwa amemweleza mengi: aina ya uvimbe, vipimo vilivyobaki, tarehe ya kurudi. Nilipomwuliza pale kwenye benchi ameambiwa nini, alinijibu, "Amesema ni kansa." Mengine yote yalikuwa yamempita.

Jioni ile nyumba ilijaa watu. Kila aliyeingia alitoa pole, akakaa, akanywa chai, akaaga. Siku nne baadaye, siku ya kipimo kilichofuata, nami nikiwa nimekwisha rudi kazini mkoani, mama mdogo alipanda daladala peke yake. Waliokuja kumpa pole walikuwa wanampenda kweli. Ila kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayemsindikiza.

Hapo nilijifunza jambo ambalo nataka kila mwenye mgonjwa alijue. Pole ni nzuri, lakini haimfikishi mtu hospitali. Anayeanza safari ya saratani ya matiti anahitaji watu wachache ambao kila mmoja anaijua kazi yake.

Kwanza, pumua

Hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya matiti. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana: kati ya nusu na asilimia moja ya wagonjwa wote.

Kulia, kunyamaza, kukasirika au kutohisi chochote kwa siku kadhaa ni hali za kawaida baada ya habari kama hii. Kitu kimoja usijibebeshe: lawama. Saratani ya matiti haiambukizi. Haitokani na sidiria, wala haikuletwa na jicho la jirani. Titi lako halikukuadhibu kwa kosa lolote. Unaweza kuendelea kula sahani moja na wanao, kuwakumbatia na kulala nao.

Unazo siku chache za kutulia, kuuliza na kujipanga, ila usiziache zikawa miezi. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba tangu mgonjwa anapofika kituo cha afya kwa mara ya kwanza hadi ugonjwa wake ujulikane kwa uhakika, zisipite siku 60. Ukiona mwezi unakatika na hujapewa majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, rudi ukaulize. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kuwa anayesubiri majibu bila kuyafuatilia naye yumo hatarini.

Mtu wa kwanza: wa daftari

Huyu ndiye anayeingia nawe kwa daktari. Si lazima awe mwenye elimu kubwa. Awe mtulivu, anayeweza kuandika. Nunueni daftari la kawaida. Kurasa za mbele andikeni maswali, za nyuma bandikeni risiti, majibu na kadi za kliniki.

Maswali ya kuanzia ni haya:

- Saratani yangu iko hatua ya ngapi, na imefika kwenye tezi za kwapani?
- Je, inakua kwa kuchochewa na homoni? Na kipimo cha HER2, protini inayoweza kuchochea uvimbe kukua, kinasemaje?
- Nitaanza na upasuaji au dawa? Kwa nini?
- Titi lote litaondolewa, au uvimbe peke yake?
- Je, matibabu yataathiri uwezo wangu wa kuzaa? Kama bado nataka mtoto, nifanye nini kabla ya kuanza?
- Usiku nikizidiwa, nimpigie nani, niende wapi?

Swali la pili wengi huliruka, na ndilo linaloeleza kwa nini jirani yako alipewa vidonge wewe ukapewa dripu. Saratani ya matiti ni ya aina nyingi. Inayochochewa na homoni hutibiwa pia kwa dawa za homoni, kama vile tamoksifeni, kidonge kinachomezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nyingine haisikii kabisa dawa hizo.

Usione haya kumwambia daktari, "Samahani, sijaelewa, naomba unieleze tena." Daktari mwema hachoki na swali hilo. Ukitaka maoni ya daktari mwingine, ni haki yako. Omba nakala za majibu yako yote.

Mtu wa pili: wa simu

Ndani ya wiki moja simu yako itakuwa na jumbe nyingi kuliko unazoweza kuzijibu. Shangazi aliyeko Tanga, wenzako wa kazini, kundi la kwaya, wanachama wa kikoba. Kila mmoja anataka kusikia habari ileile tangu mwanzo, na kila unapoisimulia unaumia upya.

Mchague mmoja, dada au rafiki wa karibu, awe msemaji wako. Mkubaliane nini kisemwe na nini kibaki siri. Wewe ndiye mwenye ugonjwa, nawe ndiye unayeamua nani ajue na lini. Msemaji huyo ndiye pia atakayewaambia wageni, kwa adabu, "Leo dada amelala, njooni Jumamosi."

Mtu wa tatu: wa nyumbani

Dripu za tibakemia mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu, ingawa ratiba hutofautiana. Siku chache baada ya kila dripu huwa nzito: kichefuchefu, uchovu wa ajabu, vidonda mdomoni. Siku hizo zijulikane mapema. Nani atapika? Nani atawapeleka watoto shule? Nani atachota maji pale bomba likikauka? Andikeni majina na siku, mbandike ukutani.

Mtu wa nyumbani ajue pia dalili ya hatari. Mgonjwa aliye kwenye tibakemia akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, na homa inayoonekana ndogo inaweza kumaliza mtu. Nunueni kipimajoto, bei yake ni ndogo kuliko majuto.

Watoto waambiwe ukweli kwa kipimo cha umri wao. Mtoto wa miaka sita anatosheka kusikia, "Mama ana ugonjwa kwenye titi. Dawa zitamchosha na nywele zitadondoka. Wewe hukusababisha, na haukuambukizi." Mtoto asiyeambiwa hujitungia maelezo yake, na mara nyingi huyatunga ya kutisha kuliko ukweli.

Kwa mume, neno langu ni hili. Mkeo atakuwa anakutazama usoni siku kidonda cha upasuaji kitakapofunguliwa. Usigeuze macho. Wanawake wengi huogopa kuachwa kuliko wanavyoogopa kisu, na kauli yako ya siku hiyo itakaa naye muda mrefu. Nenda naye kliniki walau mara moja, usikie mwenyewe. Nawe ukilemewa, tafuta mwanamume mwenzako mzungumze; kumuuguza mtu nako kunachosha.

Mtu wa nne: wa fedha na safari

Matibabu ya mionzi hutolewa kwa siku mfululizo, kwa kawaida siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa. Mashine zake haziko kila mkoa. Kwa Tanzania, wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wengine Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mtu wa Mtwara au Kigoma hasafiri kwa ajili ya siku moja. Anahitaji pa kulala na pa kula wiki zote hizo. Mpango huo ufanywe kabla ya tarehe kufika.

Kazi ya mtu huyu ni kuuliza mapema: bima inalipia nini na haigusi nini? Kenya, tangu Oktoba 2024, mfuko wa zamani wa NHIF umepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hakikisha usajili na michango yako iko sawa. Tanzania, asiye na bima wala uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hajakata tamaa. Maafisa wale ndio wanaoshughulikia maombi ya msamaha wa gharama, nao wanajua mahali ambapo mgonjwa wa mbali anaweza kupata hifadhi.

Mchango wa ndugu au wa chama ukipatikana, mmoja aushike na kuandika kila kinachoingia na kutoka. Fedha isiyo na hesabu imevunja familia nyingi mgonjwa akiwa bado kitandani.

Mtu wa tano: aliyetangulia

Huyu nimemweka mwisho kwa kuwa ndiye tunayemsahau, na ndiye dawa ya moyo.

Siku ya dripu yake ya pili, mama mdogo alikuwa amekaa kwa kujikunyata, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi. Nywele zilikuwa zimekwisha anguka zote. Pembeni yake alikaa mama mmoja aliyekuja kliniki ya marudio tu. Walisalimiana. Kisha yule mama akafungua kilemba chake taratibu, akainamisha kichwa mbele ya mama mdogo. "Shika," akamwambia. Zilikuwa nywele fupi, nyeusi, laini kama za kitoto. "Mwaka jana nilikaa kiti hichohicho unachokalia. Na zako zitaota, mdogo wangu." Mama mdogo aliviacha vidole vyake pale muda mrefu. Daktari alikwisha mwambia kuwa nywele zitarudi, na ilikuwa imeandikwa kwenye daftari. Lakini siku ile ndiyo aliyoamini.

Nguvu hii ya aliyetangulia ina historia. Mwaka 1952 huko New York, Terese Lasser, aliyekuwa ameondolewa titi, alianza kuwatembelea wanawake wengine waliofanyiwa upasuaji kama wake. Juhudi zake zilizaa mpango wa Reach to Recovery, ambao baadaye ulienea nchi nyingi.

Kwetu, vikundi vya namna hiyo vipo. Nairobi kuna Faraja Cancer Support, inayotoa ushauri nasaha na faraja kwa wagonjwa na familia zao. Uganda kuna UWOCASO, jumuiya iliyoundwa na wanawake waliopona saratani. Kigali kuna Breast Cancer Initiative East Africa, nayo ilianzishwa na mwanamke aliyeugua mwenyewe. Ukiwa mbali na miji hiyo, mwulize muuguzi wa kliniki yako swali moja: "Kuna mama aliyemaliza matibabu anayeweza kuzungumza nami?" Mara nyingi yupo. Huyo atakufundisha mambo ambayo daktari hana muda nayo: namna ya kushona mfuko wa pamba ndani ya sidiria, mto wa kuegemeza mkono usiku, na jinsi unavyoweza kuyafanya mazoezi ya bega uliyoelekezwa ukichambua mchele.

Tahadhari ni moja tu. Aliyetangulia si daktari. Dawa iliyomfaa yeye huenda si yako, wala hatima yake si lazima iwe yako, njema au mbaya.

Maneno ya kuyapisha

Utaletewa majani ya mstafeli, unga wa mizizi, maji ya maombi, na namba ya mtu "aliyeponya wengi". Wanaokuletea wanakutakia heri. Pokea upendo wao, lakini usiache matibabu, na usinywe chochote bila kumwonyesha daktari wako, kwani baadhi ya mitishamba hupingana na dawa au huumiza ini. Sala na matibabu havigombani. Sheikh, padri au mchungaji anayekuambia uchague kimoja anakupoteza.

Moyo ukizama

Huzuni itakuja na kuondoka. Lakini ikikaa zaidi ya wiki mbili mfululizo, ukawa hulali, huli, huoni faida ya chochote, hiyo nayo ni maradhi na ina tiba. Mwambie daktari au muuguzi wazi. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako. Mwite mtu mara moja na mwende hospitali. Na jihadhari na wanaokuhimiza ucheke kila saa. Siku nyingine ushujaa ni kuamka na kuoga tu.

Kwako uliye karibu na mgonjwa

Mama mdogo alimaliza dripu, akafanyiwa upasuaji, akamaliza na mionzi. Sasa humeza kidonge chake kila jioni baada ya chakula, na siku za kliniki hukaa benchini akitafuta kwa macho aliyevuta kanga hadi kwenye nyusi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Kwa anayeutazama huonekana mwepesi. Basi usiutazame tu. Kama unamjua mtu aliyepewa majibu wiki hii, usimwambie, "Ukihitaji chochote nijulishe." Hatakujulisha. Mpigie leo, umwambie: "Alhamisi naja kukuchukua saa 12 asubuhi. Daftari nimenunua."