Pima Uzito wa Tovuti Unayoifungua kwa Bando Lako

Mwenye duka anayelipia leseni ya biashara kwa simu hulipa mara mbili: ada ya kaunti, kisha bando la kufungua ukurasa wenyewe. Gharama hiyo ya pili haionekani kwenye risiti, ila inaweza kupimwa na kupunguzwa.

Ukiacha picha, mzigo mkubwa katika tovuti nyingi ni faili za skripti, yaani maagizo yanayofanya fomu ikokotoe ada na kitufe kiitike. Chukua mfano wa jQuery, maktaba ya skripti aliyoitoa John Resig mwaka 2006 na ambayo bado inatumika kwingi. Toleo la 3.7.1, kama lilivyoandikwa na waandishi wake, lina takriban KB 285. Ukiondoa nafasi tupu, mistari mipya na maelezo ambayo waandishi huachiana, na kufupisha majina ya ndani, hubaki KB 87 hivi. Kazi yake haibadiliki. Seva ikilibana tena kabla ya kulituma, zinazosafiri ni kama KB 30. Penye mtandao hafifu wa KB 50 kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya kungoja karibu sekunde sita au chini ya sekunde moja. Na hilo ni faili moja tu.

Hatua ya pili ni kache, akiba ambayo kivinjari huweka ndani ya simu. Seva huiambia simu itunze faili kwa muda gani, ikihesabu kwa sekunde. Mwaka mzima ni 31,536,000. Ukirudi kesho, faili haliteremshwi tena. Bila kupunguza wala kutunza, kurasa kumi zingemeza karibu MB 2.9 kwa jQuery pekee.

Kupima ni rahisi. Kwenye kompyuta, hata ya saiba, fungua dirisha la faragha la Chrome, bonyeza F12, chagua "Network", kisha fungua tovuti. Chini utaona idadi ya KB zilizosafiri na muda uliotumika. Andika. Pakia ukurasa upya, uandike tena. Idadi isiposhuka, kache haifanyi kazi, na hilo ni jambo la kumuuliza anayesimamia tovuti. Rudia mara tatu au nne, kwa maana mtandao hupanda na kushuka. KB ndizo za kuaminiwa kuliko sekunde.

Kache ina hatari yake. Ada zikibadilishwa ndani ya skripti na jina la faili likabaki lilelile, simu inaweza kuendelea kuonyesha ada za zamani. Ndiyo maana mafundi makini huongeza namba ya toleo kwenye jina la faili kila wanapolibadilisha. Ukitilia shaka kiwango unachokiona, fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha kabla ya kulipa, ulinganishe.