Kununua Kipakatalishi: Subira au Haraka?

Mwaka huu mhariri alinitaka niandike kuhusu ngeli. Nilimwomba aniruhusu niandike jambo lingine, kwa maana mimi ndimi mweka hazina wa Chama chetu cha Kiswahili na kuna pesa zenu zilizopita mikononi mwangu. Habari yenyewe mnaijua nusu nusu. Mengine mmeyasikia pale chini ya mwembe, na si yote mliyoyasikia pale ni ya kweli.

Mnakumbuka jarida la mwaka 2024. Tulilipeleka kuchapwa kwenye duka moja la kompyuta, na mashine yao iliyozoea Kiingereza ikawa inasahihisha Kiswahili chetu bila kuulizwa. Mzee wa kwenye hadithi ya Kidato cha Pili, badala ya kukaa juu ya kiti, akakaa juu ya kite! Ndipo chama kikaamua kununua kipakatalishi chake, au laptopu kama tunavyoiita huku nyumbani. Kufikia Agosti 2025 tulikuwa na shilingi 20,600, jumla ya ada zetu, ule mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi na maembe tuliyouza.

Mkutanoni tukagawanyika. Wa upande mmoja walisema subira huvuta heri, tungoje Novemba maduka yatakapotangaza punguzo la Black Friday. Wa upande wa pili walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, na hiyo ndiyo shida ya methali. Mwalimu mlezi wetu akatuuliza swali moja tu: "Mnajua ni kwa nini bei hushuka?" Hakuna aliyejibu, hata mimi niliyeshika daftari la pesa.

Na ilikuwa aibu kwetu, kwani mtoto wa Hewani hafai kushindwa na swali hilo. Nyanya yangu ana miembe sita. Embe ngowe za kwanza kuiva, madalali huzifuata hadi nyumbani na kumwita mama kwa upole. Ikifika Januari, kila shamba kandokando ya Mto Tana limeiva kwa pamoja, dalali yule yule haamki hata kusalimu. Anataja bei ya kutupa na nyanya anakubali, maana embe haingoji. Embe ya Januari ni tamu kama ya Novemba. Kilichoshuka ni haja ya mnunuzi.

Kipakatalishi nacho huoza, ila kwa njia yake. Hakitoi harufu, lakini kila mwaka kinatokea kingine chenye kasi zaidi, na kile cha jana kinaanza kuonekana mzigo dukani. Kila Januari kuna maonyesho makubwa mjini Las Vegas, Marekani, yanayoitwa CES, na makampuni mengi hutangaza pale mashine zao za mwaka. Kutangazwa si kuuzwa. Baadhi hufika madukani baada ya miezi. Mwenye duka aliyebaki na toleo la zamani anaanza kufikiri kama nyanya yangu. Kwa hiyo yule asiyejali kuwa na kitu kipya kabisa hupata nafasi nzuri katika wiki zile ambapo mpya imeshaingia na ya zamani haijaisha. Akikawia sana, ya zamani inakwisha na kubaki zile zenye rangi au ukubwa usiopendwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ni sheria. Chukueni MacBook Air ya kampuni ya Apple. Ile yenye kichakataji cha M1 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 999. Julai 2022 ikaingia ya M2 kwa dola 1,199. Aliyekuwa amengoja ili M1 ishuke alipigwa na butwaa, kwa kuwa kampuni iliendelea kuiuza kwa dola 999 zile zile! Machi 2024 ilipokuja M3, hapo M2 ikashushwa hadi 999. Na kuna la ajabu zaidi. Mwisho wa Oktoba 2024 kampuni hiyo iliongeza kumbukumbu ya mashine za M2 na M3 kutoka gigabaiti 8 hadi 16, bila kugusa bei hata senti moja. Fikiria mtu aliyenunua wiki moja kabla. Bei haikubadilika, lakini alipata nusu ya kumbukumbu aliyoipata mwenzake. Kutazama bei peke yake ni kama kununua mchele kwa kutazama gunia.

Mtauliza, mbona makampuni yasitwambie mapema nini kinakuja? Wanaogopa yaliyomkuta Adam Osborne. Mwaka 1981 kampuni yake ya Marekani ilitoa kompyuta ya kubebwa, Osborne 1, yenye uzito wa kilo 11 hivi na bei ya dola 1,795. Ilifanana na sanduku la safari lakini iliuzwa sana. Mwaka 1983 habari za mashine yake mpya zikaenea kabla ya wakati, wanunuzi wakasema tungoje, pesa zikakauka, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema washindani wake ndio walioiua, na labda kila sababu ina sehemu yake. Lakini tangu hapo wauzaji wengi hufunga mdomo hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo rafiki akikwambia amesikia mpya inakuja mwezi ujao, muulize amesikia kwa nani.

Sasa turudi Garsen. Shilingi 20,600 hazinunui mashine mpya ya maana. Sisi ni watu wa mtumba. Mashine nyingi tunazoziona Mombasa na Nairobi, kina HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, zilikuwa mezani kwenye maofisi ya Ulaya na kwingineko. Ofisi hizo hubadilisha mashine zao baada ya miaka kama mitatu hadi mitano, na za zamani zinafungwa na kusafirishwa. Ndiyo kusema kile kinachotangazwa Las Vegas mwaka huu kitamfikia mwanafunzi wa Hewani baada ya miaka mitatu, minne au zaidi. Kalenda yetu sisi si ya siku mashine inapozaliwa. Ni ya siku wenye maofisi wanapoichoka.

Hilo ndilo sikulijua Septemba 2025. Mjomba wangu aliye Mombasa alinipigia simu akasema ameona EliteBook safi sana kwa shilingi 18,000, na mwezi mmoja nyuma aina hiyo hiyo ilikuwa 23,000. Muuzaji alimwambia, "Hii ni bei ya kutupa, kaka. Chukua leo, kesho hautaipata." Mimi nikaona heri imekuja bila subira. Nilizungumza na mwenyekiti, tukatuma pesa, na siku ya tatu mashine ikafika kwa basi ikiwa imefungwa kwa kadibodi, gharama ya mzigo shilingi 400. Mliishangilia wenyewe.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, yaani haitoi tena bure marekebisho ya usalama kwa kila mtu kama ilivyokuwa ikifanya, ingawa iliweka mpango wa kujiandikisha ili kuongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Siku hiyo ilikuwa imetangazwa miaka mingi mbele. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa mashine za Intel inataka kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu. Yetu ni ya kizazi cha sita. Maofisi ya ng'ambo yalijua, yakaanza kuzitoa zile za zamani kwa wingi. Muuzaji naye bila shaka alijua. Aliyekuwa hajui ni mweka hazina wenu. Bei ilikuwa imeshuka kwa sababu, nami nilifurahia kushuka bila kuuliza sababu.

Ningetaka kila mwanachama ajue kusoma namba hii, maana ni rahisi kuliko ngeli. Kwenye kibandiko au kwenye ukurasa wa sifa za mashine utaona kitu kama i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, hapa ni cha sita. Ikiwa ni i5-8350U, ni cha nane, na hiyo inapokea Windows 11. Zikiwa tarakimu tano, mfano i5-10310U, soma mbili za kwanza, hapo ni cha kumi. Usidanganywe na i5 au i7 iliyo mbele. Kuna i7 za kizazi cha nne ambazo wauzaji bado wanazisifu kwa sauti kubwa, na ni kweli zilikuwa mashujaa, mwaka 2013. Mjomba alikuwa ameniambia "ni i5" nami nikaridhika. Simu moja zaidi, ya shilingi chache, ingetosha.

Basi, je, wale wa subira walikuwa sawa? Hapa ndipo pananipa tabu hadi leo, na naomba mnisikilize. Tungengoja, je, bei ingeshuka? Mwaka 2011 mto Chao Phraya wa Thailand ulifurika. Sisi tulio Kidato cha Tatu hatuhitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Tuliingia kidato cha kwanza 2024, na muhula wa pili ukachelewa kufunguliwa nchi nzima kwa ajili ya mvua. Kule Thailand maji yaliingia kwenye viwanda vya diski za kompyuta, vikiwemo vya Western Digital. Nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa diski duniani, na katika majuma machache bei za diski zikapanda sana, nyingine maradufu. Aliyekuwa akingoja punguzo mwaka huo alingoja huku bei ikimpita.

Na si mambo ya zamani tu. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025, bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda duniani kote, kwa kuwa makampuni makubwa yanayozitengeneza yalielekeza viwanda vyao kwenye zile zinazotakiwa na mashine za akili mnemba. Wenye kuuza vipakatalishi wakaanza kuonya juu ya bei za 2026. Tumezoea kuambiwa kwamba kompyuta ya mwaka kesho ni bora na rahisi kuliko ya leo, na kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Lakini bei ya kompyuta, kama ya maembe, hutegemea barabara na mito na haja za watu usiowajua.

Isitoshe, kungoja nako kuna gharama, ila haiandikwi kwenye risiti. Niliipiga hesabu usiku mmoja. Jarida la 2024 lilikuwa na kurasa 62, kila moja shilingi 40 kuchapwa, hiyo ni 2,480. Safari tatu za kwenda na kurudi, shilingi 300 kila moja, ni 900. Jumla 3,380, bila kuhesabu kite cha yule mzee. Wale wa Black Friday walitarajia kuokoa kama 2,000. Kama kungoja kungetufanya tupeleke jarida lingine nje, tungepoteza 1,380 tukidhani tumeokoa. Kwa hiyo nasimama na uamuzi wa kununua mapema. Kosa langu lilikuwa kwenye ile namba, si kwenye tarehe. Mwalimu mlezi hakubaliani nami. Anasema ningengoja wiki nne tu, habari za tarehe 14 Oktoba zingenifikia hata hapa kijijini, na ningeuliza. Huenda.

Mashine yenyewe ingali hai. Mwalimu wa hisabati alitusaidia kuweka Linux, mfumo usiolipiwa ambao bado unapokea marekebisho kwenye mashine za umri huo, pamoja na LibreOffice ya kuchapia. Wiki ya kwanza wengi walilalamika kwamba vitufe vimehama. Sasa wenzangu wanaitumia kuliko mimi. Kurasa hizi mnazozisoma zimechapwa kwayo, na kiti kimebaki kiti. Betri yake ndiyo mgonjwa. Inakaa dakika arubaini, na stima ikipotea tunakimbilia kuhifadhi kazi.

Katika hazina zimebaki shilingi 2,200 za mwaka jana na 7,150 tulizokusanya mwaka huu, jumla 9,350. Wapo wanaotaka tuuze hii na kuongeza ili tupate ya kizazi cha nane. Nimeuliza bei ya kuuza. Hakuna aliyenipa zaidi ya 11,000, na sababu yake sasa mnaijua. Wapo wanaotaka tununue betri tu na kungoja maofisi yachoke na zile za kizazi cha kumi. Ijumaa baada ya masomo tutapiga kura darasani mwetu. Daftari la hesabu nitalileta, na safari hii kila mtu alisome kabla ya kuinua mkono.