SOMO: GASKETI ILIYOGANDA ISITUHARIBIE INJINI



Vikundi vingine vina gari la pamoja, labda pikapu kuukuu ya kupeleka maziwa, mboga au mahindi sokoni. Gari hilo lilinunuliwa kwa michango ya akina mama na wazee, shilingi kwa shilingi. Kwa hivyo likiharibika, si dereva peke yake anayeumia. Ni sisi sote.

Katika somo hili tutaangalia kazi moja: kubadilisha pampu ya maji. Watu wengi hudhani kazi kubwa ni kufunga pampu mpya. La. Kazi kubwa ni kusafisha mahali ilipokaa ile ya zamani.

Gasketi ni nini?

Ni kipande chembamba, mara nyingi cha karatasi ngumu, kinachokaa kati ya pampu na injini ili maji yasipite. Baada ya miaka mingi ya joto, karatasi hiyo hukauka na kushika chuma kama ugali ulioungulia sufuriani. Kama fundi wa kwanza alipaka gundi, basi inashika zaidi.

Hapo ndipo haraka huleta hasara. Mtu huchukua bisibisi au tindo, akagonga na kuchokoa. Gasketi inatoka, lakini inaacha mkwaruzo. Maji yatapita katika mkwaruzo huo hata kama pampu ni mpya. Maji yakipungua, injini huchemka. Injini ikichemka sana, hedi ya aluminiamu hupinda, na gasketi ya hedi huungua. Gasketi ya pampu ni ya bei ndogo, lakini kunyoosha hedi si mchezo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kufungua

1. Ngojeni injini ipoe kabisa. Msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, kwani maji yanayochemka yataruka na kumchoma mtu.

2. Tenganisheni waya hasi wa betri.

3. Kingeni maji kwa karai. Maji yenye dawa ya rejeta yana utamu, lakini ni sumu. Yasiachwe mahali watoto, mbwa au mbuzi wanaweza kuyafikia.

4. Bolti nyingine ni ndefu na nyingine ni fupi. Choreni umbo la pampu kwenye katoni, mtoboe matundu, na kila bolti ichomekwe mahali pake.

5. Hakikisheni bolti zote zimetoka. Kama pampu bado imeshika, igongeni ubavuni polepole kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao. Msipigilie bisibisi katikati ya pampu na injini.

Kama pampu ya gari lenu inazungushwa na mkanda wa ndani ya injini, yaani mkanda wa taiming, mwachieni fundi aliyesomea kazi hiyo.

Kubandua gasketi

Kwanza, zibeni matundu ya maji kwa vitambaa safi, na mhesabu vitambaa hivyo. Mabaki yakiingia ndani yanaweza kuziba njia za maji.

Pili, lainisheni. Maduka ya spea huuza dawa ya kubandulia gasketi. Dawa hiyo huchoma ngozi na macho na huharibu rangi na mpira, basi vaeni glavu na miwani. Kama haipatikani, loweshe kitambaa kwa mafuta ya taa, mkibandike juu ya gasketi, kisha mngoje. Hii huchukua muda zaidi. Moto na sigara visikaribie.

Tatu, kwangueni. Injini ya chuma huvumilia kikwangulio cha chuma kilicho bapa. Aluminiamu ni laini, kwa hivyo tumieni plastiki ngumu au mbao iliyochongwa kama patasi. Kikwangulio kilazwe karibu na uso wa injini, kisisimamishwe. Pakikataa, ongezeni dawa, si nguvu.

Msikwangue gasketi ya zamani ikiwa kavu, wala msiipulizie hewa. Nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Pia msitumie mashine ya kusaga. Inakula aluminiamu, na mchanga wake ukiingia kwenye oili unaharibu beringi.

Nne, pimeni. Pitisheni ukucha pole pole. Ukinasa, bado kuna mabaki au kuna mkwaruzo. Wekeni rula iliyonyooka juu ya uso huo, mmulike kwa tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya, pameharibika au pamepinda. Mwonyesheni fundi kabla ya kufunga.

Kufunga

Futeni mafuta yote kwa thina, mkaushe, na mtoe vitambaa vyote kwa hesabu. Linganisheni matundu ya gasketi mpya na ya pampu. Msirudishe gasketi ya zamani, wala msipandanishe mbili. Gundi ipakwe tu kama kitabu cha gari kinasema hivyo, na iwe nyembamba, kwani ikizidi hukatika na kuziba rejeta.

Kazeni bolti kwa vidole kwanza, kisha kwa spana kidogo kidogo, mkivuka upande hadi upande. Jazeni maji na dawa ya rejeta, muwashe injini, mkague chini ya pampu. Kesho yake, injini ikiwa baridi, kagueni tena.

Jukumu la kamati

Fundi akiona watu wamemzunguka wakiulizia gari litatoka saa ngapi, atashika tindo. Kamati impe muda. Mjumbe mmoja akague uso wa injini kabla pampu mpya haijafungwa, kisha mwandishi aandike tarehe, kilomita na gharama katika daftari la gari.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika kikundi chetu anayekagua maji ya gari kila asubuhi?

2. Je, tunamlipa fundi kwa kumaliza haraka, au kwa kazi isiyovuja?

3. Kila safari ya sokoni, tutaweka kando kiasi gani cha matengenezo?