Dhima ya Mashindano ya Michezo baina ya Vyuo Vikuu: Ushindi ni wa Nani?

Utangulizi

Kila mwaka mabasi ya vyuo vikuu vyetu huondoka yakiwa yamesheheni wanamichezo na ngoma, yakarejea ama kwa vifijo ama kwa kimya. Ni nadra, hata hivyo, kwa wasomi kujiuliza mashindano haya huandaliwa kwa lengo gani. Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu, kisha kuonyesha inatufunza nini sisi wa Afrika Mashariki. Hoja yetu ni kwamba dhima ya michezo hii hudhihirika katika mambo mawili: nani anayeruhusiwa kucheza, na kinachoimbwa mshindi anapotuzwa.

Usuli

Mashindano ya aina hii yana umri mrefu. Vyuo vya Oxford na Cambridge vilikutana katika kriketi mwaka 1827, na mwaka 1829 vikashindana kupiga makasia katika mto Thames. Hao walikuwa watani wawili wa nchi moja. Wanafunzi wa mataifa mbalimbali walianza kukutana Paris mwaka 1923. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, dunia iligawika kambi mbili, na michezo ya wanafunzi ikagawika pia. Shirikisho la FISU, lililoundwa mwaka 1949, liliegemea Magharibi ilhali nchi za Mashariki zilikuwa na mashindano yao. Mwaka 1957 kambi hizo zilikutana Paris, na mwaka 1959 michezo ya kwanza ya Universiade ikafanyika Turin, Italia. Hadi leo michezo hiyo huandaliwa kila baada ya miaka miwili, ijapokuwa ile ya Chengdu, Uchina, iliahirishwa kutoka mwaka 2021 hadi 2023 kwa sababu ya korona. Ya mwaka 2025 ilifanyika Rhine-Ruhr, Ujerumani.

Wimbo wa Mshindi

Huko Turin waandalizi walifanya uamuzi ambao mwanafasihi hawezi kuupuuza. Mshindi alipopanda jukwaani kuvishwa nishani, hakupigiwa wimbo wa taifa lake. Ulipigwa Gaudeamus, wimbo wa jadi wa wanafunzi wa Ulaya, ulio katika Kilatini. Maudhui yake ni furaha ya ujana na ufupi wa maisha. Leo Kilatini si lugha ya mama ya taifa lolote. Kwa hivyo wimbo huo haukumpendelea yeyote. Wanafunzi wa Mashariki na wa Magharibi, ambao serikali zao zilitishiana kwa mabomu, walitambuliwa kwanza kama wanafunzi.

Ustahiki wa Mchezaji

Jambo la pili ni kanuni za usajili. Mchezaji sharti awe mwanafunzi halali au aliyehitimu hivi karibuni, tena awe katika umri uliowekwa. Kanuni hii ndiyo roho ya mashindano. Faida tunazozitaja kila mara, kama vile afya, nidhamu, uongozi na utangamano, humfikia mwanafunzi iwapo tu mwanafunzi ndiye anayecheza.

Mwandishi wa makala haya alilishuhudia hilo akiwa katika shahada ya kwanza. Timu ya mpira wa wavu ya chuo alichosomea ilimchezesha kijana ambaye hakuwahi kuketi darasani humo. Kombe lilipatikana, nasi tukaimba njia nzima. Lakini katika basi hilo hakuwemo mwenzetu aliyefanya mazoezi alfajiri muhula mzima, kisha nafasi yake ikapewa mamluki huyo. Hatukumtetea. Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi; yetu ilifika hadi kabatini, ambako kombe lilipangwa pamoja na mengine, nasi tuliolijua tukawa tunapita tukiangalia kando.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kati ya mwaka 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya taasisi moja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Taasisi hiyo ilivunjwa, kila nchi ikabaki na chuo chake. Wanafunzi wa nchi hizi wanapokutana uwanjani leo, wanarejesha kwa siku chache udugu uliopotea. Fauka ya hayo, ukiketi pembezoni mwa uwanja utasikia Mkenya, Mtanzania na Mganda wakitaniana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Tofauti na Kilatini, lugha hii ni hai.

Hitimisho

Makala haya yanatoa mapendekezo mawili. Kwanza, vyama vya wanafunzi vishiriki katika kuhakiki orodha za wachezaji, wala visiwaachie makocha peke yao, kwani wanafunzi ndio wanaojuana. Pili, washairi wa vyama vyetu vya Kiswahili watunge wimbo wa wanafunzi wa Afrika Mashariki, uimbwe mshindi anapotuzwa, atoke chuo chochote. Ushindi utakuwa wa nani? Utakuwa wa yule aliyeamka alfajiri, na wa wenzake wote watakaoweza kuuimba wimbo huo bila kuangalia kando.