Niambie jicho lako lilikwenda wapi

Picha yenyewe niliipiga mwezi wa Februari katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, pale maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana. Mvuvi mmoja kwenye mtumbwi, maji yametulia, na Kilimanjaro nzima nyuma yake kabla mawingu hayajaifunika. Niliipenda mno. Nikaichapisha kwa ukubwa wa A4 na kumpelekea mzee mmoja ninayemheshimu, mtu aliyeendesha studio ya picha tangu enzi za filamu.

Alivaa miwani, akaiweka picha mezani, akanyamaza. Ukimya ulinichosha. Mwishowe akasema, "Jicho langu limeanzia kwenye gogo."

"Gogo gani, mzee?"

Akanionyesha. Pembeni kushoto, chini kabisa, palikuwa na gogo lililopaushwa na jua, jeupe kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Sikuwahi kuliona. "Kutoka kwenye gogo limepanda mlimani," akaendelea, "likashuka kwenye mtumbwi, na mtumbwi umelitoa nje." Kweli, mtumbwi ulikuwa ukingoni kulia na ulielekea huko huko kulia, kama unaiaga picha. Nikaanza kumweleza: niliamka saa nane usiku, barabara ilikuwa mbaya, tope lilinifika juu ya viatu, mvuvi hakusimama. Aliniacha nimalize. "Hayo yote, mwanangu, mimi sikuyaona."

Ni miaka kadhaa sasa, na kila ninapotoa maoni kuhusu picha ya mandhari ya mtu mwingine naanzia pale alipoanzia yule mzee. Hakusema picha ni nzuri wala mbaya. Hakuniambia ningetumia lenzi gani. Alinipa ripoti ya safari ya jicho lake, kitu ambacho mimi mwenye picha nisingeweza kukipata peke yangu, kwa sababu mimi nilikuwepo. Ninapoitazama picha ile nasikia maji na harufu ya samaki. Mtazamaji ana karatasi tu.

Kwa hiyo, ukiletewa picha, itazame dakika nzima bila kufungua mdomo. Kisha sema jicho lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. Jicho la binadamu hukimbilia mahali penye mwanga mkali, penye utofauti mkubwa wa giza na nuru, penye uso wa mtu, penye maandishi. Ndiyo maana mfuko mweupe wa saruji uliosahauliwa nyasini unaweza kuushinda mlima wenye kimo cha mita 5,895. Ukishasema lilikokwenda, ndipo utafute sababu. Na sababu ikishajulikana, mara nyingi mwenye picha anaiona dawa kabla yako. Mwachie aiseme mwenyewe.

Lakini kabla ya yote hayo kuna swali moja, na mimi nilijifunza umuhimu wake kwa kumuumiza mtu. Dada mmoja katika kikundi chetu cha wapiga picha alileta picha aliyoipiga Irente, ule mwamba wa juu ya Lushoto unaotazama nyika ya chini. Jua lilikuwa limeshazama. Anga lilikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya chungwa, na chini kote giza. Mbele ya watu wote nikamwambia giza limezidi, ainue mwanga wa sehemu ya chini, tena angewahi nusu saa ili mashamba ya mkonge yaonekane. Nilizungumza kwa kujiamini sana. Aliitikia "sawa kaka," akairudisha picha kwenye bahasha, na kwa miezi mingi hakuleta nyingine.

Baadaye sana aliniambia alichokusudia. Kule chini gizani kulikuwa na nukta nne au tano za taa, nyumba za watu zilizowashwa jioni ile. Alitaka mtazamaji ahisi ukubwa wa giza na udogo wa zile taa. Ushauri wangu ungeiua picha. Alikuwa amekosea jambo moja tu, kwamba taa zilikuwa hafifu mno kwenye karatasi na hazikuonekana kwa mtu aliyesimama hatua mbili. Hilo ningeweza kumsaidia, kama ningemuuliza kwanza: "Ulitaka nitazame nini?" Siku hizi sitoi neno kabla ya swali hilo. Na kama mtu hanifahamu vizuri, maoni yangu nampa pembeni, si mbele ya kundi.

Kuna makosa machache ya mandhari ninayokutana nayo mara kwa mara, na ni vizuri kuyataja kwa usahihi badala ya kusema tu kwamba "haijakaa sawa". La kwanza ni maji yaliyoinama. Hapa ni rahisi kumwonea mtu, kwa sababu ukingo wa ziwa unaokuja upande wako huonekana umeteremka hata kama kamera imenyooka. Usiuamini ukingo. Tafuta mti au nguzo iliyosimama majini, na kivuli chake ndani ya maji. Kilele cha kitu na kilele cha taswira yake lazima viwe kwenye mstari mmoja wa wima. Kama haviko, kamera ilipinda, na hilo si suala la ladha.

La pili ni mlima uliogeuka kichuguu. Mtu amesimama mbele ya Kilimanjaro, moyo unamdunda, anatoa simu na kupiga kwa lenzi pana. Lenzi ile inavuta kila kitu kilicho karibu kiwe kikubwa na kusukuma mlima mbali. Hapa sahihisho ni la kumtuma mtu arudi: lenzi ndefu, au kitu cha maana cha kuweka mbele. Tenganisha waziwazi yanayoweza kurekebishwa leo mezani na yanayodai safari nyingine. Kumwambia mtu "ungesogea kushoto" wakati yuko nyumbani, safari ya kilomita mia tatu, ni kumpa huzuni tupu, isipokuwa umwambie ni kwa ajili ya mara nyingine.

La tatu ni anga lililoungua, yaani lililopigwa mwanga hadi likabaki jeupe tupu. Mahali palipoungua kabisa hapana kitu cha kurudisha, wakati kwenye giza, hasa faili ikiwa ghafi, mara nyingi kuna kilichobaki. Mwambie apige kwa kulinda mwanga.

Kuhusu rangi nina msimamo mkali, na sitauficha. Tumezoea kuongeza rangi hadi majani ya mgomba yanakuwa kama plastiki. Hilo linaweza kubaki suala la ladha, na nalitaja kama ladha yangu. Ila nimewahi kuletewa picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo weupe wake ulikuwa umevutwa hadi wingu na barafu vikawa kitu kimoja, mlima ukaonekana kama ulivyokuwa enzi za mababu. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Anayeiongeza kwenye kompyuta na kuita picha yake "Kilimanjaro leo" anasema uongo kuhusu kitu kinachopotea mbele ya macho yetu. Nilimwambia hivyo, kwa upole, na nikamwambia pia kwamba mwanga wa asubuhi upande wa kilele cha Mawenzi ulikuwa mzuri mno, hauhitaji msaada.

Mbali na rangi, kuna namna picha ilivyopatikana. Tuliwahi kuletewa picha ya Ziwa Natron iliyopigwa kwa droni, heroe mamia kwa mamia wameruka kwa mkupuo, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Kila mtu mezani alisema "kali sana!" Mimi niliuliza: waliruka kwa nini? Natron ndipo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo katika Afrika Mashariki, na ndege hao wakisumbuliwa wanaweza kuyaacha mayai. Maoni kuhusu picha ya viumbe hai yasipogusa namna ilivyopatikana yana pengo. Uliza bila kushtaki, kwa sababu huenda waliruka kwa sababu nyingine kabisa. Lakini uliza.

Nikitaja sifa: "kali sana" na "moto" zinafurahisha na hazifundishi chochote. Sifa nayo iwe na anwani. "Ule ukungu uliokaa kati ya vilima viwili umenifanya nihisi umbali" ni maneno ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani na kuyafanyia kazi. Mtu anayejua kipi kimefanikiwa atakilinda wakati anarekebisha kingine.

Sasa upande wa kupokea, ambao kwangu ndio mgumu zaidi. Kwanza, peleka picha katika hali inayostahili kutazamwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti, au bora zaidi ichapishe. Picha nyingi zinazong'aa kwenye simu hugeuka nzito zikifika kwenye karatasi, na ni afadhali ulijue hilo mapema. Pili, peleka na swali. "Mnaonaje?" huleta majibu ya heshima. "Je, mtumbwi unaonekana umekwenda nje ya picha?" huleta jibu.

Halafu nyamaza. Nina daftari dogo, na mtu akizungumza naandika kila neno, hata lile ninaloona ni upuuzi. Mkono ukiwa unaandika, mdomo hauwezi kujitetea. Nikitaka kueleza habari za baridi na tope, nazieleza baadaye kwenye chai. Daftari nalifunga siku tatu. Nikilifungua, kitu kilichosemwa na watu wawili ambao hawakusikiana nakifanyia kazi hata kama sikubaliani nacho. Kilichosemwa na mmoja nakijaribu kwa vipande viwili vya manila vilivyokatwa kama pembe ya fremu, kama vile vya yule mzee: naviweka juu ya picha, navisogeza, naona kama picha inapumua zaidi ikipunguzwa. Wakati mwingine naipindua picha kichwa chini. Mlima ukiacha kuwa mlima, gogo jeupe linajitokeza lenyewe. Yanayobaki ni ladha ya msemaji, nayo nashukuru na kuiacha.

Usiione picha kuwa kitu kilichokwisha. Ansel Adams alipiga ile picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, na kwa miongo iliyofuata alirudi chumba cha giza kuichapisha tena na tena, anga likizidi kuwa jeusi kadiri alivyoelewa alichotaka. Negativu ni ile ile. Kama yeye aliendelea kuirekebisha, mimi ni nani nikasirike kwa sababu ya gogo?

Nilirudi Nyumba ya Mungu Februari iliyofuata. Nilikwenda mara tatu. Mara mbili mlima haukuonekana. Mara ya tatu nilisimama upande mwingine wa ghuba, nikaangalia pembe zote nne za fremu kabla ya kubonyeza, nikamsubiri mvuvi aingie kutoka kulia akiwa na maji mengi mbele yake. Nikaichapisha A4 kama ile ya kwanza na kuipeleka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo."

Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na vipande vyake vya manila havikutoka kwenye droo. Kisha akainua kichwa.

"Huyu mvuvi," akasema, "anakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Nikamwambia sijui, sikumuuliza.

"Basi rudi ukamuulize," akasema, akarudisha macho kwenye picha.